Mzee Malimi Luhende na Fungu la Mchanga Lisilotajwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Malimi Luhende anastaafu, baada ya kukitumikia Kituo cha Ndege wa Ziwa hapa Igogo, Mwanza, kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama kibarua wa kusukuma mtumbwi, na anaondoka akiwa nahodha wa boti yetu na msimamizi wa mazalia ya ndege. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Odeta Masalu wa Kitengo cha Elimu kwa Jamii, niandike wasifu wake. Nilipomwendea kumwomba habari za maisha yake, aliuliza kwanza nani kanituma. Nikasema kamati. Akauliza kamati ipi, na mwenyekiti wake nani. Nikamtajia. Akasema atafikiria.

Kwa hiyo mengi mtakayoyasoma hapa nimeyapata kwa watu wengine, na mengine nimeyaona mwenyewe. Mzee aliomba aione rasimu kabla haijachapwa, na ilirudi imekonda. Alifuta jina la mwalo mmoja wa wavuvi, akafuta jina la jiwe moja, halafu akafuta sentensi niliyoandika kwamba tukiwa kwenye boti jua lilikuwa linatuchoma bega la kushoto. Mtu mwenye akili, alisema, angejua tulikuwa tunaelekea wapi.

Alizaliwa Misungwi katika familia ya wafugaji, na utoto wake wote aliumalizia nyuma ya ng'ombe. Anasema tabia yake ilianzia huko machungani. Mtu akija akasifia ng'ombe, unamshukuru. Akija akauliza wanalala wapi, unamwangalia viatu ili siku nyingine umkumbuke. Alipoletwa ziwani na mjomba wake aliyekuwa mvuvi wa sangara, alihamishia utaratibu huohuo majini, na sisi wenzake tumeishi nao mpaka leo.

Kwa wageni waalikwa wasiomjua ndege aliyemlinda, huyu ni mkatamaji, kama tunavyomwita hapa kituoni. Ni mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na mdomo wake una rangi ya machungwa iliyoiva. Sehemu ya chini ya mdomo imeizidi ya juu kwa urefu, kana kwamba fundi aliitwa kula kabla hajamaliza kazi. Akiwinda huruka chini kabisa, mdomo wazi, na ile sehemu ndefu inachana maji kama mkasi wa fundi cherehani unavyopita kwenye kitambaa. Hajengi kiota. Anakwaruza mchanga kidogo, anataga hapohapo. Jua likikaza anakwenda kulowesha tumbo ziwani, kisha anarudi kuyapoza mayai. Hadai kitu kingine zaidi ya fungu la mchanga lenye maji pande zote na lisilokanyagwa na mtu wakati wa kiangazi.

Na hicho ndicho kinachopotea. Ziwa lilipopanda, mafungu mengi yalizama, na yaliyobaki yana wateja wengine. Buswelu inajengwa kila kukicha, nyumba zinataka mchanga, na mchanga wa ziwani haupigi kelele ukichukuliwa. Mayai nayo yana walaji. Ndiyo maana mkatamaji anazidi kuadimika mwambao wetu huu, na ndiyo maana kituo kilimhitaji mtu ambaye machale yanamcheza hata akisalimiwa vizuri.

Na yalimcheza sana. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona akikaa mahali asipouona mlango. Chai alijimiminia mwenyewe, hata kwenye sherehe ya Krismasi. Kuna mgeni mmoja alikuja na kamera yenye lenzi ndefu, mtu mpole, anacheka na kila mtu, anataka kupiga picha za mkatamaji tu. Mzee Malimi aliona ucheko umezidi. Akampeleka kutwa nzima kupiga picha za korongo wa dampo, akimhakikishia kwamba hao ni wazazi wa mkatamaji. Mgeni aliaga akimshukuru kwa roho safi. Baadaye tuligundua alikuwa mtaalamu wa kweli kabisa wa ndege, na kwamba alijua fika anadanganywa, ila alimpenda mzee akaona asimvunje moyo.

Wakati alipopewa cheti cha mhifadhi bora kwenye maadhimisho ya mazingira, alikipokea kwa mikono miwili, akainama kwa heshima, halafu mbele ya meza kuu akakigeuza kuangalia upande wa nyuma kumeandikwa nini. Mkewe, Mama Evelina, anasema nyumbani ni hivyohivyo. Maneno yake nayanukuu: "Mimi nimemzalia watoto, nimemfulia, nimemuuguza. Ndege wake sijawaona. Nikimuuliza kazini wapi, ananiambia majini."

Lakini kabla hamjacheka sana, inabidi nieleze habari ya bango.

Zamani wakatamaji wetu walizaliana kwenye fungu moja ambalo kila mfanyakazi alilijua. Kituo kikaona kiwalinde kisasa. Tukaitisha kikao, tukachagua rangi, tukamtafuta fundi wa mabango aliye hodari kuliko wote hapa Igogo, na tukasimamisha juu ya lile fungu bango kubwa jekundu lililoandikwa: HAPA NI MAZALIA YA NDEGE ADIMU. USIGUSE MAYAI. Lilionekana tangu mbali. Tulipiga picha mbele yake tumekumbatiana. Mzee Malimi hakutaka kuwemo kwenye picha. Alibaki kwenye boti, akauliza swali moja tu, ambalo tulilichukulia kama utani wa mzee: "Sasa na wale ambao walikuwa hawajui?"

Haikupita wiki. Waliokuwa hawajui walijua. Mayai yaliondoka yote, na waliokuja kuchukua mayai wakaona kumbe na mchanga ni mzuri, wakawaambia wenye mitumbwi ya mchanga. Tulipofika tulikuta mashimo ya makoleo na bango letu limesimama wima katikati, halina hata mkwaruzo. Ndege walikuwa wanazunguka juu, wanashuka, hawapati pa kukanyaga, wanapanda tena. Mzee Malimi aliling'oa lile bango peke yake, akalipakia, akalileta kituoni na kuliegemeza kwenye mlango wa ofisi ya Mkuu, maandishi yakiangalia ndani. Siku hizi linafunika tangi la maji pale nyuma. Anayechota maji alisome.

Mambo hayakuishia hapo, maana ofisi ikiumia hutafuta mtu. Badala ya kulilaumu bango, tulianza kumwangalia Nestory, mtunza stoo wetu, kwa sababu shemeji zake wanafanya biashara ya mchanga. Hakuna aliyemwambia kitu. Tulinyamaza tu akiingia, na tuliongea tena akitoka. Naye si mjinga, aliacha kula na sisi, akawa anakula stoo kati ya majaketi ya kuokolea. Mzee Malimi naye alimshuku, na Mzee Malimi akikushuku hafichi. Alianza kufunga kamba za boti fundo ambalo Nestory hakuweza kulifungua.

Kiangazi kilichofuata wakatamaji walihamia fungu lingine, na aliyejua ni lipi alikuwa mmoja tu. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo lingepaswa kutushtua sote. Ukimuuliza ndege wako wapi, alikujibu papo hapo. Hakusita, hakukunja uso, wala hakuuliza nani kakutuma. Mimi nilimuuliza nikiwa nashona kifungo cha gauni, na akanitajia fungu moja upande wa Misungwi kama anayetaja bei ya nyanya. Nilijiona nimeaminiwa. Kwa wiki nzima nilitembea ofisini nimejaa, siri yangu iko kifuani, nikiwaonea huruma wenzangu wasiojua.

Kumbe kila mmoja alikuwa amejaa vilevile. Pius, fundi wa injini, alikuwa na fungu lake. Bernadetta wa masjala alikuwa na lake. Nestory alikuwa na lake. Mkuu wetu wa Kituo, Bwana Cleophace Muganyizi, alikuwa na lake, upande wa Magu. Na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na ndege. Mzee Malimi alikuwa anayapitia kwa zamu na boti, kimya kimya, akitafuta nyayo.

Siku ya kikao cha mwezi alinyoosha mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alisimama, akavua kofia, akasema kwa adabu zote: "Mkuu, wewe nilikuambia lile la Magu. Ndege pale hakuna. Lakini viatu vipo, na koleo lipo."

Hatukujua tuangalie wapi. Bwana Muganyizi, ambaye mwenyewe ameniruhusu niliandike hili na hata kunisahihisha mahali nilipompunguzia aibu, alianza kuhesabu siku kwa vidole. Kisha akakumbuka. Alikuwa kwenye kamati ya harusi, mazungumzo yamenoga, kila mtu anaeleza ukubwa wa kazi yake, naye akaona ajivunie ndege. Alitaja na fungu. Pembeni alikuwa amekaa mtu wa mchanga, mchangiaji mzuri tu wa ile harusi. Mkuu hakuuza siri. Aliitoa bure, kwa furaha, mezani, soda ikiwa mkononi.

Fungu la Nestory halikuwa na hata unyayo wa mbwa. Jumapili ile Mzee Malimi alikwenda nyumbani kwa Nestory huko Igogo mlimani, akapanda mawe yote yale na magoti yake, akakaribishwa, akaketi akiupa mlango mgongo, na akala ugali na dagaa waliopakuliwa na mtu mwingine. Nestory ndiye aliyenisimulia. Anayemjua mzee ataelewa ni msamaha wa namna gani uliombwa pale.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Kila kiangazi aliondoka alfajiri na boti, akarudi saa za chai na mchanga kwenye pindo la suruali, nasi tukayaacha kama yalivyo. Mpaka mwaka huu, tulipoanza kuhesabu kwamba mzee anaondoka.

Niseme wazi, maana hii ndiyo iliyotukosesha raha sisi wote. Wachimba mchanga wamezidi kusogea. Kila fungu linalojitokeza maji yakishuka linapata mwenyewe. Kama Mzee Malimi angeenda Misungwi na siri yake, basi mwaka huuhuu, wakati ndege wakiwa wanaatamia, koleo lingefika kabla yetu, na sisi tungejua kwa kuona mashimo. Na kama angetuambia, tungewaambia wengine, kwa sababu tumeshawahi kufanya hivyo mara mbili, mara ya kwanza kwa rangi nyekundu.

Makabidhiano rasmi yalifanyika mwezi wa tano. Alikabidhi injini, akakabidhi makasia, darubini, majaketi, na funguo zote hadi wa kabati lisilo na mlango. Bwana Muganyizi alipofika kwenye mazalia, Mzee Malimi alisema, "Hilo bado." Tukasubiri. Likabaki bado wiki hiyo, na wiki iliyofuata.

Maneno yakaanza, na mimi sikuwa nyuma. Pengine ndege walishaondoka miaka mingi, tukasema, na mzee anatoka alfajiri kwenda kujivulia sato wake kwa petroli ya kituo. Pengine hakuna fungu. Nilifika mahali nikawa nachungulia ndani ya boti ikirudi, natafuta magamba ya samaki. Aliniona. Hakukasirika hata kidogo, na kwa jinsi nilivyomsoma usoni, kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu anayefaa.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliniambia niache simu nyumbani, nisivae nguo ya rangi kali, na nisimwambie mtu. Tuliondoka asubuhi ziwa likiwa limelala. Alizungusha boti kati ya mawe, akaingia kwenye magugu maji, akatoka, akarudi tulikotoka, mpaka nikawa siwezi kuonyesha Mwanza iko upande gani, na mimi nimezaliwa hapa. Kisha akazima injini, akashika kasia.

Walikuwepo. Walikuwa wamelala juu ya mchanga mweupe, wote wameelekeza midomo upande mmoja, upepo unapotokea. Mmoja aliinuka akapita mbele ya boti, karibu kabisa, mdomo wake ukifungua mstari majini, na mstari ule ulikaa muda kabla ya kufutika. Mwingine alirudi tumbo likiwa linadondosha maji, akakaa juu ya mayai yake polepole sana. Nililia, na sioni aibu kuliandika. Nilikuwa nimefanya kazi ya kuwaeleza watoto wa shule habari za ndege huyu tangu niajiriwe, na sikuwahi kumwona akiwa nyumbani kwake. Mzee Malimi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia ziwa nyuma yetu, kama kuna mtu ametufuata.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini mimi. Alisema kwa sababu nilichungulia magamba.

Nilirudi kituoni nimejaa tena kama zamani. Siri ni yangu, nimeachiwa mimi, na nikaanza kuwatazama wenzangu kwa jicho la mlinzi. Hapo ndipo nilipoyaona. Siku mbili baadaye Pius alichelewa kufika, na alipovua viatu vilitoka mchanga mweupe. Nikamuuliza alikuwa wapi, akanijibu papo hapo: kwa fundi viatu. Bernadetta, ambaye simu yake haijawahi kutengana na mkono wake, ameanza kuisahau nyumbani. Nestory amejifunza lile fundo la kamba. Na Bwana Muganyizi, Mkuu wetu, alikuja Jumatatu iliyopita pua imebabuka kwa jua, na hakumsimulia mtu kitu chochote. Alipata mwaliko wa kamati ya harusi wiki hiyohiyo, akaukataa.

Sasa sijui. Huenda ametupeleka wote fungu moja, kila mmoja kwa siku yake. Huenda kila mtu ana fungu lake, na ndege ni wengi kuliko tulivyothubutu kufikiri. Siwezi kuwauliza, kwa sababu nikiuliza nitakuwa nimejitoa mwenyewe, nao hawawezi kuniuliza mimi. Kituo kizima siku hizi kimekaa kikiangalia mlango. Mtu akija kuulizia mchanga, tunanyanyua vichwa wote kwa pamoja.

Juzi nilimfuata Mzee Malimi akiwa anaosha boti kwa mara ya mwisho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza bila kuzunguka kama amewaonyesha na wengine. Alikamua tambara, akalitandaza ukingoni likauke. "Wewe Odeta," alisema, "chunga lako."

Mzee Malimi, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru. Umetufundisha kazi hii kwa kutotuamini, kisha ukatuamini ukijua tumeshafundishika. Tunamshukuru na Mama Evelina kwa kutuazima mume ambaye hata yeye hakuambiwa yuko wapi. Tunawatakia wote wawili afya, mvua za kutosha kwenye mpunga wenu wa Misungwi, na ng'ombe ambao hakuna atakayeuliza wanalala wapi. Kwenye sherehe yako chai utajimiminia mwenyewe, nimeshawaambia wapishi.

Na mwakani, maji yakishuka na wakatamaji wakihamia fungu lingine, najua utashindwa kuvumilia, utapiga simu kuuliza wako wapi. Nitakutajia mahali papo hapo, mzee wangu, bila kusita.